Marehemu Laban Kiponda Mwaringa, Mkaguzi wa Hesabu Aliyezuiwa Hangani

Wasifu huu unasomwa Kakuyuni, Jumanne tarehe 6 Desemba 1988, na shemeji yake, kwa ombi la mjane.

Ndugu, wakwe na majirani mliofika kutoka Malindi, Gede na Kilifi, tunayemlaza leo ni Laban Kiponda Mwaringa. Alizaliwa katika mji huu huu wa familia yao tarehe 14 Machi 1936, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mwaringa na Mama Sidi, ambao wote wawili wametangulia.

Alianza masomo katika shule ya misheni, akafaulu mtihani wa darasa la nane mwaka 1952, kisha akasoma sekondari Mombasa hadi mwisho wa 1956. Mwaka uliofuata aliajiriwa karani katika afisi ya wakaguzi wa hesabu mjini humo. Mchana alinakili hesabu za wengine, na jioni alisoma uhasibu kwa njia ya posta. Mtihani wa mwisho aliupita mwaka 1969, baada ya kuanguka mara mbili, jambo ambalo hakulificha. Sheria mpya ya wahasibu ilipoanza kutumika, alikuwa miongoni mwa watu wachache wa pwani hii waliopewa leseni ya kukagua hesabu na kuzitilia saini.

Tarehe 14 Desemba 1963, siku mbili baada ya bendera yetu kupandishwa, alimwoa dada yangu Mbeyu. Siku ya kuleta tembo la mahari, baba yetu alipokwisha kuonja, Laban alipiga goti akasema kwa adabu, "Baba, naomba risiti." Baba alimtazama, akamwonyesha Mbeyu. "Risiti yako ile pale. Ukiipoteza siandiki nyingine." Hakuipoteza. Walikaa pamoja miaka ishirini na mitano kasoro siku chache.

Mwaka 1981 baba yake alifariki. Laban aliacha kazi Mombasa akarudi kushika mikorosho na minazi ya familia, maana hapakuwa na mwingine wa kuishika. Leseni hakuiacha. Kuiweka hai kulikuwa na masharti matatu: alipe ada, ahudhurie masomo ya wakaguzi kila mwaka, na kabla ya Januari kwisha atie saini fomu mbele ya mkaguzi aliyeko kazini, naye huyo aidhinishe. Kwa hiyo kila Januari alipiga pasi shati jeupe, akafunga tai, akaenda Mombasa kwa Bwana Ochola, aliyekuwa mwenzake afisini.

Hapa kijijini alichekwa. Mliomcheka mpo. Mlimwita Bwana Leseni. "Bwana Leseni, hebu nikagulie mbuzi wangu kama ana mimba." Alijibu kwamba mbuzi huyo angemkagua bure, lakini mwenyewe asingependa ripoti. Mimi nilipomwuliza kwa nini anajitaabisha, alisema, "Afisi nimeiacha, shemeji. Kazi sijaiacha. Siku mtakayonihitaji, sitaki kuwaambia ngojeni."

Siku hiyo ilikuja. Katika mkutano mkuu wa Novemba 1985, wanachama wa ushirika wetu wa korosho, ambao walikuwa wamepeleka korosho misimu miwili bila kulipwa, walipiga kura kwamba hesabu za chama zikaguliwe na Laban. Alikubali kuifanya kazi hiyo bila malipo, ianze Machi. Kwa sheria, ripoti ya mtu asiye na leseni haina uzito wowote. Jambo hilo aliwaeleza mkutanoni, kwa sauti, nao wakampigia makofi.

Bwana Ochola alikwenda kwao likizo, akarudi Mombasa mwisho wa Januari 1986, Laban akimngoja. Laban alikwisha kupiga pasi shati lake pale baba yake mdogo, Mzee Kahindi, alipofariki tarehe 28. Tulizika kesho yake, hanga, yaani matanga yetu, likakaa. Kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa watoto wote wa mji, ilimpasa alale mkekani nje pamoja na wanaume, asitoke mpaka hanga limalizike. Asubuhi ya tarehe 31 alimwendea Mzee Fondo, msimamizi wa hanga, akaomba ruhusa. Nilikuwa nimeketi kando yao.

"Ni Mombasa na kurudi, baba. Jua halitachwa sijafika."

"Kufanya nini?"

"Leseni. Leo ndiyo mwisho."

"Ya kuhesabia korosho mtini?" Watu mkekani walicheka. "Kazi umeacha miaka mitano, Laban. Hiyo karatasi ndiyo itakayokulilia siku yako?"

"Ni kwa ajili ya chama, baba. Ni korosho zenu."

"Korosho zitangoja. Kahindi hafi mara mbili. Kaa chini."

Akakaa. Alilelewa kutii, akatii. Leseni ilikufa siku hiyo.

Mwezi Februari aliandika kuomba isamehewe, akaeleza msiba. Jibu lilikuwa fupi: aliyeko kazini akichelewa hulipa faini, bali aliyekwisha kutoka katika kazi akiiacha leseni ife, sharti arudi kwanza kazini chini ya mkaguzi mwaka mzima. Alikuwa na umri wa miaka hamsini. Alibisha hodi Mombasa na Malindi, na hakuna afisi iliyomtaka.

Hesabu za chama alizikagua vivyo hivyo, akitumaini. Aliona korosho zilikopotelea, akaandika, akasoma mbele ya mkutano. Mwenyekiti wa chama hakukanusha hata neno moja. Aliuliza tu, "Leseni yako ya mwaka huu iko wapi?" Laban akafunga jalada lake. Viongozi wale wale wamo afisini hadi leo, na ninyi hamjalipwa hadi leo. Mzee Fondo naye hajalipwa.

Tangu hapo hakuvaa tai tena. Mwaka 1987 figo zilianza kudhoofika. Alilazwa hospitali ya Malindi mara tatu, na huko ndiko alikofariki, alfajiri ya Ijumaa tarehe 2 Desemba 1988.

Jumatano kabla ya kufa alimwita bintiye mkubwa, Kadzo, ambaye anasomea kazi ile ile ya babake. Mbeyu na mimi tulikuwapo.

"Kadzo, mtihani wako lini?"

"Jumanne, baba."

"Nikizikwa Jumanne, utakuwa wapi?"

"Hapa, baba."

"Hapana. Mimi nitazikwa bila wewe. Mtihani haufanyiki bila wewe."

Juzi Jumapili wazee walisema mtoto wa kwanza hakosi kaburini kwa mzazi wake. Mbeyu, ambaye tangu aolewe hakuwa amepinga neno katika kikao chao, alisimama. "Mzee Fondo, babake ulimkalisha, akakaa. Huyu humkalishi." Akaingia ndani kumpigia binti pasi gauni lake.

Marehemu ameacha mjane, Mama Kadzo. Watoto watatu, Kadzo, Mwaringa na Dama. Dada mmoja, Bi. Kache wa Mnarani. Na wajukuu wawili. Waliotajwa wote wako mbele yenu isipokuwa Kadzo. Saa hii yumo katika chumba cha mtihani Mombasa, na karatasi ya leo ni ya ukaguzi wa hesabu. Akirudi jioni apewe chakula, na mtu asimwulize alikuwa wapi.

Laban, hakuna aliyemzuia. Mungu akupokee, ulale salama.