Zimwi na Jani la Isale

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, wenzangu habari za tangu Jumapili. Wengi mnajua nilipunguzwa kazi kiwanda kilipobinafsishwa. Msichojua ni kwamba nilijifungia nyumbani kwetu mlimani, nikawa silimi, sisuki nywele, siitikii hodi.

Aliyenitoa ni shangazi yangu, mfanyabiashara wa Tarakea. Alinivuta mkono hadi mjini, kwa kaka mmoja wa Kihindi mwenye duka la kompyuta. Yule kaka alikuwa anatengeneza mchezo wa kompyuta wa kutisha: msichana amefungiwa ndani ya jengo lililojaa mazimwi. Akanipa kazi ya kupanga mapigano: nani anapiga, nguvu zinapungua vipi, lini unaweza kukimbia. Msinicheke! Nilifurahi kupata mahali pa kwenda asubuhi.

Kwanza nikampa msichana panga kali. Vijana wa mtaa wa Pasua wakaja kuujaribu mchezo, wakacheka. "Sista, hili zimwi nalifukuza kama kuku kwenye mahindi!" Nikaliongezea zimwi nguvu, sasa wakawa wanakufa mlangoni, wakachoka, wakaondoka. Kaka akaniambia kwa upole, "Dada, mchezo huu usipotisha wiki hii, tunauacha." Nawaambia, nilianza kukiona kitanda cha mlimani kikiniita.

Kesho yake shangazi akapita kunisalimia. Nikamwonyesha. Zimwi lilipotokea, akaniangalia. "Mbona mnapigana tu? Huyu ana kinyongo, mwanangu. Isale liko wapi?"

Hapo nikazinduka. Sisi wa mlimani tunajua: ukiletewa jani la isale kuombwa radhi, ni vigumu kukataa. Nikapanga upya. Sasa unaweza kupiga, kukimbia, au kunyoosha isale. Lakini ukilinyoosha lazima uweke panga chini, usimame, zimwi likusogelee hadi usoni, nawe uwe umeshajua lilidhulumiwa nini, uliombe radhi. Ukikosea, umekwisha.

Vijana waliporudi, walisogeleana mbele ya kompyuta. Mmoja alipandisha miguu kwenye kiti.

"Sista, linakuja! Nifanyeje?"

"Usilipige. Subiri."

Kaka akacheka. "Tunaendelea."

Namshukuru yeye, namshukuru shangazi, na ninyi mlioniombea bila kunichoka. Ninachowaachia ni hiki: jambo linalokutisha, kabla hujalipiga au kulikimbia, simama uliulize lina nini. Utaogopa. Hata mimi niliogopa. Lakini kesho asubuhi niko kazini.