Kutoka Ukalimani wa Afande hadi Kukata Matairi

Ndugu zangu wa chama chetu cha kuzikana, mliotembea kutoka Kibuli na nyinyi wa hapa Bwaise mliovuka maji ya mvua, asanteni kwa kunipa nafasi. Mwenyekiti ameniambia niwe mfupi. Nimelipwa miaka mingi kusema maneno ya wengine, kwa hiyo leo ya kwangu mtayavumilia.

Wakati ule wa utawala wa jeshi nilikuwa mkalimani katika ofisi moja mjini. Mkubwa wetu alikuwa mwanajeshi. Kiganda hakukijua, Kiingereza hakukipenda. Watu walikuja na shida zao kwa Kiganda, mimi nazipeleka kwake kwa Kiswahili, na matusi yake nayarudisha kwao. Hiyo ndiyo kazi. Banange, jamani, inachosha! Mfanyabiashara wa maduka ya Kikuubo akimuudhi, kofi napata mimi, maana mimi ndiye niliye karibu. Akisahau alilosema asubuhi, mimi ndiye niliyetafsiri vibaya. Mtu mzima ninayekaribia miaka hamsini, baba wa watoto, nazabwa kofi kwa maneno ambayo si yangu!

Mtaniuliza kwa nini sikuacha. Vijana, nyinyi mnaongea kama watu waliozaliwa jana, na kweli mmezaliwa jana. Aliyesema anaacha kazi aliulizwa anakwenda kwa nani, na jibu lolote lilikuwa baya. Mama watoto alikuwa akiniambia, "Hasira za huko unakuja kutumwagia sisi." Alisema kweli, ndiyo maana nilimnunia.

Siku moja akaja mama mjane. Mwanawe alikuwa amechukuliwa na askari sokoni, akataka kujua yuko wapi. Mkubwa hakuinua hata macho. "Mwambie mtoto yake nakimbia Kenya." Ofisi nzima tulijua kijana hakukimbilia Kenya. Nikamwambia yule mama, "Mkubwa anasema mwanao amekimbilia Kenya." Naye hakumtazama mkubwa, alinitazama mimi. Akasema kwa Kiganda, "Huyo nimemsikia. Wewe, mwanangu, unasemaje?"

"Huyu nasema nini?" mkubwa akauliza.

"Anauliza mimi nasemaje, Afande."

"Basi sema!"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu, si Kiswahili si Kiganda. Akapiga meza. Mdomo ulikataa kabisa. Mwishowe akanipiga teke. "Mkalimani gani hii hana mdomo! Toka! Mimi hapana taka ona wewe tena!" Nikashuka ngazi na yule mama tumeshikana mikono, na huko nje tukalia wote wawili.

Nyumba ilikuwa ya ofisi, kwa hiyo tukahamia hapa Bwaise. Viatu vilikuwa vimeadimika mjini, na jirani yetu mmoja alikuwa akikata makatambuga kwa matairi ya lori, haya mnayoyaita lugabire. Nikamwomba anifundishe. Alikuwa na umri wa mdogo wangu wa mwisho, na ulimi wa pilipili. Tairi halikatwi kwa kisu kikavu, maana mpira unakibana hakiendi. Lazima ukichovye majini kila mara. Mimi najua lugha nne, lakini hilo la maji nilikuwa nalisahau kila siku! Kuna asubuhi nzima nilikata nyayo za kushoto tupu, kwa kuwa kipande cha kupimia sikukigeuza. "Mzee," akaniambia, "sasa nenda utafute watu wenye miguu miwili ya kushoto." Wapita njia walisimama kunitazama, mtu wa ofisini anahangaika na tairi. Nilikereka mno!

Lakini nawaambia, jioni nilikula na nikalala bila kumfokea mtu. Mteja akisema hapa pananibana, nilirekebisha papo hapo. Mguu wake, kisu changu, basi. Nilipata furaha ambayo mshahara haukuwahi kunipa.

Kisha akaja askari. Sura yangu hakuijua. "Mkalimani ya zamani iko wapi? Afande nataka yeye. Hii mpya nasema ovyo. Tapata nyumba, tapata sukari." Sukari, ndugu zangu! Wanangu walikuwa wamesahau ladha yake. Na ningekataa, mnajua ningepelekwa wapi. Nikainamia tairi, mikono myeusi, nikaendelea kukata.

Fundi wangu hakusita. "Mkalimani alihama zamani. Hapa tuko mafundi wawili tu, mimi na huyu mzee."

Askari akanitazama, akayatazama makatambuga yangu, akaenda zake. Mpaka siku ile kijana yule hakuwa ameniita fundi hata mara moja. Na kama ingejulikana, tungechukuliwa wote wawili.

Namshukuru mama watoto, aliyetulisha kwa mihogo ya kukaanga nilipokuwa nikiharibu matairi ya watu. Namshukuru Mungu. Na huyo fundi amekaa pale nyuma, amenuna kwa sababu namsifu, anune tu. Somo langu kwenu ni hili: ukianza kazi mpya ukubwani, utaaibika na utachekwa na watoto wa juzi. Vumilia, na umheshimu anayekufundisha hata kama anakukera, maana hujui siku gani utamhitaji. Miaka yote ile mimi niliwasemea watu kwa mshahara. Siku ile kijana yule alinisemea bure, na ndiyo sababu niko hai mbele yenu.