Delmar Krueger, Msimamizi wa Koni

Marehemu baba yangu, Delmar August Krueger, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa Merrill, Wisconsin, akiwa mtoto wa tatu, na mbishi kuliko wote, wa Mzee August na Bi. Hilda, akasoma papa hapa hadi 1967, akaajiriwa katika kiwanda cha karatasi alikotumikia miaka thelathini na nane, na tarehe 9 Juni 1973 akafunga ndoa na mama yetu, Lorna, wakajaliwa watoto wawili, Dale na mimi Corinne ninayewasomea.

Tangu 1988, kila Jumamosi ya kiangazi, alisimamia koni, ile ya plastiki ya rangi ya chungwa inayowekwa katikati ya njia, katika uwanja wetu wa mbio za magari. Bendera ya njano ya tahadhari ikipepea, magari yalijipanga mstari mmoja nyuma ya gari la kuongoza, na kabla ya mbio kuachiwa tena kila dereva, kwa zamu yake, aliipita koni kushoto apate njia fupi ya ndani, au kulia apate ya nje yenye kasi, ikawa mistari miwili, hivyo hata dereva wa tano, akiona wenzake wote wamekimbilia upande mmoja, aliweza kujikuta safu ya mbele. Ila aliyeigusa koni alikwenda mkiani, na mwenye kauli alikuwa baba peke yake.

Tarehe 19 Agosti 2006, imebaki mizunguko mitatu, mimi mwenyewe nikiwa dereva anayeongoza, na ushindi huo ndio ungenipa ubingwa wa msimu, nilisitasita, nikakata kulia nimechelewa, baba akaninyooshea kidole niende mkiani. Mbio zilipokwisha nilimfuata mbele ya watu.

“Baba, sijagusa kitu. Macho yako yamekwisha.”

“Uliigusa, Corinne. Nenda kampe mkono aliyeshinda.”

Watu walimzomea, wakamwita kipofu miaka mingi, nami nikawaacha, na hilo linaniuma.

Februari mwaka huu mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa hospitalini Wausau, na Jumapili tarehe 1 Juni nilimshika mkono nikakiri kwamba niliigusa, akacheka hadi akakohoa.

“Miaka kumi na tisa. Wewe kuchagua upande kumekushinda tangu zamani.”

Alifariki Jumanne, saa nne asubuhi, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea chakula, wenzake wa kiwandani, na madereva mlioniomba niisimamie koni kuanzia Jumamosi hii, nami nimekubali, lakini kwanza mjue mnamkabidhi nani: niliigusa, niliisikia kwenye usukani.

Pumzika kwa amani, baba, uliona sawasawa.