Fundi Tikisa na Pikipiki Tatu Zilizokataliwa

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi uliopita, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkaguzi wa pikipiki wa mamlaka yetu ya maji alirudisha ufunguo wa karakana na kustaafu rasmi. Jina lake la kuzaliwa lipo kwa mhasibu, lakini ukija kuliulizia getini utaambiwa hapa hayupo mtu wa namna hiyo. Kuanzia wasoma mita hadi mkurugenzi, sote tunamwita Fundi Tikisa.

Jina hilo hakupewa bure. Wasoma mita na mafundi wa mabomba hutumia pikipiki ambazo mamlaka hununua zikiwa zimekwishatumika, na hakuna iliyoingia humu bila kupita mikononi mwake. Kwanza huitikisa. Hulishika gurudumu la mbele juu na chini, akalisukasuka. Likigonga, beringi zimekwisha. Hubana breki ya mbele, akausukuma usukani mbele na nyuma. Ukicheza, hiyo imeshaanguka au inajiandaa kuanguka. Tabia ikamwingia kwenye damu. Hakalii kiti kabla hajakitikisa, na siku mkurugenzi mpya alipompa mkono, Fundi aliutikisa mpaka watu wakaanza kukohoa.

Baada ya kutikisa, hugusa. Anapofika kwa muuzaji, kabla hata ya salamu kwisha, kiganja chake kiko kwenye injini. Akiikuta na joto, husema atarudi kesho, maana pikipiki iliyowashwa kabla ya mgeni kufika ni ile isiyowaka ikiwa baridi. Kisha huangalia moshi. Wa bluu, injini inakunywa oili. Hukagua meno ya sproketi inayovuta mnyororo kama yamechongoka, shokapu kama zinalia machozi ya oili, na fremu kama ina rangi mpya sehemu moja tu, kwani rangi ya namna hiyo hufunika mahali palipochomelewa. Mwisho husoma namba ya chesisi na ya injini kwenye chuma chenyewe, ndipo aombe kadi ya usajili alinganishe. Kuna muuzaji aliyemletea pikipiki iliyosuguliwa ikang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Fundi akaizunguka, akasema, "Anayeoga mara tatu asubuhi moja ana harufu anayoificha." Akaomba iwashwe, akakaa pembeni kusubiri. Chai yake haijaisha, oili ikaanza kuchuruzika chini ya injini.

Hatua ya mwisho ilikuwa majaribio, na hapo ndipo alipotofautiana na mafundi wengine wote. Hakupanda. Alikuwa na mpandaji wake, mwenzetu mwembamba tunayemwita Kamba, na kabla ya Kamba walikuwepo wengine. "Panda, nisikilize," ndiyo maneno yake. Kamba huondoka, yeye akabaki kando ya barabara. Kwanza humtazama kwa nyuma, aone kama gurudumu la mbele na la nyuma yanafuata mstari mmoja. Kamba akirudi, Fundi huchuchumaa na kufumba macho. Akipita mara ya tatu, hukumu imetoka: "Klachi inateleza," au, "Mnyororo umelegea upande mmoja," au, mara chache sana, "Hii ichukuliwe."

Sisi tuliona huo ndio ufundi wa juu. Wageni wa karakana tuliwaambia fundi wa kweli hapandi, husikiliza. Alikuja kazini kwa miguu, tukasema anafanya mazoezi. Akitaka kuhamisha pikipiki kutoka kona moja ya karakana hadi nyingine, aliisukuma kwa mikono, tukasema anaokoa petroli ya mamlaka. Mpaka leo sielewi ilikuwaje watu wazima zaidi ya arobaini, kila mmoja na macho yake mawili, tukaliona jambo lile miaka yote na kila mara tukalitafutia sifa.

Mwanzoni mwa mwaka huu, Fundi alituomba mimi na Kamba tumsindikize Jumamosi kununua pikipiki yake mwenyewe. Alikuwa anahamia kwenye nyumba waliyojenga yeye na mkewe, mwisho wa barabara ya vumbi ambako basi halifiki. Mkewe, Mama Mapacha, ni mshonaji wa sare za shule. Mzigo wa sare alikuwa anaubeba kichwani mpaka barabara kubwa, na shule moja ilikwisha kumwonya kwamba akichelewesha tena, itatafuta mshonaji mwingine.

Tulifurahi. Kumsindikiza Fundi Tikisa kununua pikipiki ni sawa na kwenda sokoni na mwenye soko. Kwenye yadi ya kwanza ya wauza pikipiki tukaipata moja, nzuri, imetunzwa. Akaitikisa, ikatulia. Akaigusa, baridi. Ikawashwa, ikaitika mara moja. Namba zikalingana. Akamwambia Kamba apande, akasikiliza, na uso wake wote ukakubali. Tukajua imekwisha.

Kamba akashuka, akamkabidhi ufunguo. "Fundi, hii ni ya kwako, si ya mamlaka. Panda mwenyewe uionje."

Fundi akaushika ule ufunguo. Akaiangalia pikipiki, akaiangalia barabara, akatuangalia sisi. Kisha akamrudishia muuzaji ufunguo wake.

"Ina kasoro," akasema.

"Kasoro gani, mzee?" akauliza muuzaji.

"Ina kasoro."

Tukarudi nyumbani. Kamba alikuwa anajipitishia ile pikipiki kichwani, gia kwa gia, akitafuta ni nini kilichompita.

Jumamosi iliyofuata tukaenda yadi nyingine, na iliyofuata tena nyingine. Mambo yakawa yale yale. Kila kitu kizima, mpaka ufunguo unapofika mkononi mwake, pikipiki inaota kasoro isiyo na jina. Muuzaji wa yadi ya pili alidhani tumetumwa na watu wa kodi, akaanza kufunga ofisi. Wa tatu alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama mzee wetu anaumwa.

Ofisini maneno yakazagaa. Wengine walisema mfuko umetoboka, anaona aibu kukiri. Wengine walisema hataki kustaafu, anavuta siku. Mhudumu wa mapokezi alisema amerogwa ili asimalize nyumba. Mimi sikujua nishike lipi. Nililala na moja nikaamka na jingine.

Aliyeumia zaidi ni Kamba. Alirudi peke yake yadi ya kwanza, akaikagua ile pikipiki tangu taa ya mbele hadi ya nyuma kwa kufuata kila alichofundishwa, asipate kitu. Akaniambia, "Miaka kumi na miwili nampandia. Kumbe haniamini. Ananificha makosa yangu kama mtoto." Jumatatu alimsalimia Fundi bila kusimama. Fundi akaitikia bila kuinua kichwa. Karakana ambayo hutusumbua kwa vicheko ikawa kimya hadi wa uhasibu wakaja kuuliza kama kuna msiba.

Kilichofumbua fumbo ni simu. Mama Mapacha alimpigia Kamba kumpa pole. "Mwanangu, nasikia mnahangaika. Hivi mji mzima pikipiki zote ni mbovu?"

Kamba akashindwa kuuma ulimi. "Mama, pikipiki ni nzima. Zote tatu nimezipanda mwenyewe. Muulize Baba Mapacha anachokitaka, maana mimi nimefika mwisho."

"Basi Jumamosi nakuja," akasema mama.

Jumamosi ile tukawa wanne. Tulirudi yadi ya kwanza, na ile pikipiki ya kwanza bado ilikuwepo. Fundi akaikagua upya kana kwamba hajawahi kuiona, taratibu, akirudia vitu viwili viwili. Mama Mapacha alikaa kwenye benchi akimtazama, mkoba magotini. Muuzaji, ambaye sasa alikuwa anatujua, akaleta ufunguo na kumpa Fundi mkononi.

"Ina kas..." akaanza Fundi.

"Baba Mapacha," mkewe akasema, bila ukali. "Waambie watoto wa watu. Umewachosha."

Fundi akasimama pale, jasho likimtiririka ilhali jua lilikuwa halijapanda. Kisha akasema, akiitazama tairi ya mbele, "Sijui kuendesha."

Kamba akacheka, akidhani ni mzaha. Akamtazama mama, mama hacheki. Kicheko kikafia mdomoni.

"Hujui kuendesha pikipiki hii?" akauliza.

"Yoyote."

Nakiri kwamba hatukuelewa hata baada ya kuambiwa. Muuzaji alikuwa ameshika kadi, akabaki nayo hewani. Kamba akakaa chini, pale pale kwenye changarawe. Fundi akatueleza akiwa amesimama. Aliingia karakana kama mwosha vipuri. Fundi aliyekuwepo alipougua, bosi alimwita yeye kwa kuwa alikuwa karibu, akamwambia, kagua hii. Akaikagua, na ilipofika kupanda, akamwambia mwenzake, panda, nisikilize. Hakuna aliyeuliza. "Mwaka wa kwanza niliogopa kufukuzwa," akasema. "Mwaka wa kumi niliogopa kuchekwa. Baadaye nikawa nasahau kabisa kwamba sijui. Hadi juzi ulipoleta ufunguo."

"Kwa hiyo kasoro haikuwepo," akasema Kamba. "Na mimi sikukosea."

"Hujawahi kukosea, mwanangu. Ningejuaje klachi inateleza kama wewe hukuiongezea mafuta pale pale nilipotaka? Nusu ya ukaguzi ilikuwa yako."

Kamba akafikiri kidogo. "Nusu kubwa," akasema, na Fundi akakubali.

Tulikuwa bado tunahangaika kupanga vichwa vyetu, ndipo Mama Mapacha alipoinuka kwenye benchi. Akampa mumewe mkoba, akajifunga vizuri kanga juu ya suruali ambayo hatukuwa tumeiona, akapanda ile pikipiki. Kabla ya kuolewa alisambaza magazeti kwa pikipiki ya baba yake, na mumewe alilijua hilo siku zote. Mpandaji wa ile nyumba alikuwa yeye. Lakini alipokaa kwenye kiti, miguu yake ilibaki inaning'inia. Akiegemea kulia, wa kushoto unapaa. Akiegemea kushoto, wa kulia unapaa.

"Hii nikisimama na mzigo wa sare, tunalala chini," akasema. "Ulinipima mimi ulipokuwa unaipima?"

Fundi aliitazama miguu ya mkewe. Alikuwa amekagua mamia ya pikipiki, akajua maradhi ya kila chuma, na kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kuuliza urefu wa miguu ya atakayeipanda. Tukakumbuka ghafla wasoma mita wafupi wa hapa kwetu, wanaotafuta ukingo wa barabara wa kuegeshea mguu kila wanapofika kwenye mita. Mmoja wao ndiye anayeandika wasifu huu.

Mama akazunguka yadi akikalia moja baada ya nyingine, mumewe nyuma yake na mkoba. Aliyoipenda ilikuwa kwenye kona, ya chini, kiti kimepasuka. Nyayo zote mbili zikatua chini bapa. Fundi akaikagua. Mnyororo na sproketi vya kubadilisha, breki ya nyuma imekwisha, betri haina uhai. Lakini injini kavu, fremu nzima, magurudumu yako sawa, namba zinalingana. Mama akaipeleka hadi mwisho wa barabara na kurudi, na Fundi hakufumba macho. Alimtazama tu.

"Hii ichukuliwe," akasema mama mwenyewe.

Fundi alibadilisha mnyororo wiki ile ile. Mzigo wa sare ukafika shuleni kabla ya siku yake, na mshonaji mwingine hakutafutwa. Kamba ameteuliwa kushika nafasi ya mkaguzi, na jambo la kwanza alilolifanya ni kutupanga wasoma mita wote kwa kimo na kutugawia pikipiki upya. Mimi sasa nasimama popote nitakapo.

Nilipomuuliza Fundi kama naruhusiwa kuandika haya kwenye jarida letu, alicheka. "Andika. Nani atanifukuza?"

Siku ya kuaga, hotuba zilipokwisha, tulitoka nje kumsindikiza. Mama Mapacha alikuwa anamngoja juu ya pikipiki, injini inanguruma. Tukategemea Fundi akae nyuma. Mama akajisogeza nyuma yeye. Hatukujua kwamba kwa wiki kadhaa, saa ya kufunga ofisi, Kamba alikuwa akimfundisha nyuma ya tangi kubwa la maji. Fundi akapanda. Akaachia klachi kwa kishindo, pikipiki ikaruka kama mbuzi, ikatulia, ikaanza kwenda kwa gia ya kwanza, mwendo ambao mtoto angeupita akitembea. Mlinzi alifungua mageti yote mawili, maana hakujua mzee atapitia lipi. Kamba alikimbia kando yake mpaka barabarani, na watu wa uhasibu wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini hasa.

Fundi Tikisa, kwa kila breki iliyoshika na kila mwenzetu aliyefika nyumbani salama, asante. Asante nawe, Mama Mapacha, kwa kutukopesha mumeo muda wote huo. Tunawaombea afya, nyumba yenye furaha, na barabara isiyo na mashimo. Na gia ya pili, Fundi, iko kwenye mguu wako wa kushoto. Utakapokuwa tayari, usiiogope.