Mke Yuko Ukurasa wa Ngapi?

Benchi la mbele ya kibanda cha fundi viatu lilikuwa na watu watatu na birika moja la kahawa. Profesa, mwalimu mstaafu, alikuwa amemaliza kuwasomea riwaya kongwe ambayo mume anasimulia jinsi mkewe alivyomsaliti. Breki, dereva wa lori wa zamani, na Gazeti, muuza magazeti, walishamhukumu mke tangu sura ya pili. Fundi alishona kiatu cha shule cha mpwa wake huku damu ikimchemka. Kesho familia ingekaa kikao kuamua watoto wa dada yake walelewe na nani, na hawa watatu ndio mashahidi wa shemeji yake, aliyedai kuwa dada huyo alimsaliti.

— Mwanamke hana haya yule, alisema Breki. Mume kaeleza kila kitu.

— Kaeleza yeye! Fundi akafoka. Wewe ulikuwepo?

— Mtu analia ukurasa mzima, atadanganyaje?

— Ndiyo mbinu yenyewe, alisema Profesa. Nafsi ya kwanza. Msimulizi anakuingiza kichwani mwake, halafu anafunga mlango.

— Mimi nawaambia yule mume alishakufa, Gazeti akadakia. Anasimulia toka kaburini. Maiti adanganye ili apate nini?

— Wapi! Breki akapinga. Kaandika mpishi wake, akajifanya bosi. Huoni habari za jikoni zilivyojaa?

— Basi hata mke hakuwepo, alisema Gazeti. Katungwa tu.

Fundi akatupa sindano chini.

— Nyie watu mna roho gani? Shemeji alikaa hapohapo, akalia hapohapo, mkammiminia kahawa, mkameza kila neno!

— Sasa shemeji yako anaingiaje kwenye riwaya? Breki akauliza.

Fundi akainama kuokota sindano. Hapo dada yake akafika kuchukua kiatu cha mtoto. Alikuwa amesikia tangu kona ya kibanda. Hakukaa.

— Shikamoo, mwalimu.

— Marahaba, mwanangu.

— Huyo mke mwenyewe anasema ukurasa wa ngapi?

Profesa akavaa miwani. Akafunua mwanzo, akafunua katikati, akafika kwenye jalada la nyuma. Breki akajifanya anatafuta kikombe.

— Hasemi, Profesa akajibu kwa sauti ndogo.

Dada akapokea kiatu, akavuta uzi kuona kama umekaza.

— Na mimi, kati yenu nani aliniuliza?

Birika lilikuwa bado limejaa. Hakuna aliyemimina.