Damu Iliyogandishwa na Babu Fundi

Mgeni rasmi, uliye daktari mkuu wa utafiti, muuguzi wetu, wenzetu wa vidonge vya presha na wenzetu msiomeza chochote:

KARIBU KWETU
Karibu kwenye chumba hiki cha benchi mbili na feni inayozunguka ikijisikia. Viti tumevifuta, chako mara mbili.

TULIKOTOKA
Tulizoea kuja kupima presha tu. Ndipo mkatueleza kwamba vidonge vyetu huzuia kalsiamu isiingie kwa wingi kwenye misuli ya mishipa, mishipa ikalegea, presha ikashuka. Mkataka kujua: je, vinazikinga chembe nyekundu za damu zisivunjike, au ndivyo vinavyozivunja? Tukakunja mikono ya nguo bila kusukumwa.

TUNACHOJIVUNIA
Hakuna anayekwepa sindano. Hata mpishi wa shule siku hizi huzimia baada ya kuchomwa, si kabla.

KILICHOTUKWAMISHA
Safari iliyopita muuguzi aliitwa wodini. Babu Fundi, mshona nguo wetu, akaziona chupa za damu kwenye sanduku la baridi, akazifukia kwenye barafu yake hadi shingoni.

"Babu, hizo soda?" muuguzi aling'aka aliporudi.

"Mwanangu, joto lote hili! Si zingechacha?"

Zilikwishaganda. Zilipoyeyuka huko maabara, chembe zilikuwa zimepasuka, maji yake mekundu. Maabara hawakujua habari ya barafu, lawama ikaangukia dawa. Lakini mgeni rasmi, hata damu ya wasiomeza dawa ilipasuka vilevile! Hiyo nayo ilivunjwa na nini?

Sasa tunasikia utafiti utafungwa. Tena Babu Fundi mwenyewe, aliposikia dawa inavunja damu, ameacha vidonge. Muuguzi kambembeleza, wapi! Mzee hujibu: "Mpaka mkubwa wenu aseme." Kichwa kinamgonga, macho yana ukungu; jana kashona mikono yote miwili ya shati upande mmoja.

TUNACHOOMBA
Msifunge. Tutoeni damu upya, sanduku alifunge muuguzi, na jibu mtuletee hata likiwa chungu.

Ila kabla ya hotuba yako, Babu Fundi ndiye huyo wa kofia ya buluu, anayejifanya anatazama feni. Mpime presha, kisha umwambie kwa kinywa chako la kufanya. Ratiba itangoja. Sisi tunamtaka mzee wetu.

Mola akuzidishie afya, akufikishe kwako salama, wagonjwa wako wote wakusikilize.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Watoa Damu ya Utafiti, Chumba cha Presha