Siku Nilipomwita Mkwe Wangu kwa Jina

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe kwa ajili ya mdomo huu mnaousikia, maana kuna siku mdomo huu ulifungwa kabisa, na nusura wanangu wakose pa kulala kwa sababu yake.

Nyie wa Misunkumilo mnanijua kama Mama Masanja. Ila wengi hamjui kwamba mimi mwenyewe jina hilo nilikuwa silitamki. Masanja ni baba mkwe wangu, na mwanangu wa kwanza amelirithi jina lake. Kwetu Usukumani nilikolelewa, mwanamke hamtaji mkwe wake, hamwangalii usoni, na wakikutana njiani anakaa kando mpaka mzee apite. Basi mwanangu wa kumzaa nilimwita Babu. "Babu, njoo ule!" Na Babu anakuja mbio na kamasi zake. Wasukuma mliopo hapa mnacheka kwa sababu mnajua sisemi uongo.

Mume wangu, baba yake huyo Babu, tulihamia naye Mpanda tukiwa vijana. Tulipata kiwanja, tukaanza kujenga. Sitaki kumdhulumu mtu mbele za Mungu: bati alinunua yeye, na mlango ni yeye. Lakini matofali nilifyatua mimi, nikiwa na mimba ya huyo Babu, na kuni za kuyachoma nilibeba kichwani. Shamba la mahindi tulifyeka wote wawili. Tuliishi vizuri tu, mpaka alipoanza biashara ya dagaa kule Ikola ziwani. Dagaa walikuja, na mwanamke mwingine akaja nao. Mwisho wa yote talaka ikatoka. Nikadhani yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Akaniletea ujumbe nifungashe vitu, nyumba anamwingiza mke mpya, mimi na wanangu turudi tulikotoka.

Tulikotoka wapi, ndugu zangu? Wazazi wangu walishafariki. Nilimfuata kaka yangu nikamwomba aje mahakamani anisemee, maana kwetu mwanamke husemewa. Kaka akakataa. Aliogopa upande wa mume wasije wakaanza kudai ng'ombe wa mahari warudishwe. Nikaenda peke yangu mahakama ya mwanzo kufungua shauri la kugawana mali. Karani wa pale, mtu mkavu asiyecheka, akaniambia, "Mama, hapa hakuna wakili wala kaka. Anayedai ni wewe, utajisemea." Niliumia. Leo namshukuru Mungu kwa ukavu wa yule karani.

Siku ya shauri kusikilizwa kwa mara ya kwanza nilifika mapema na Mama Neema, dada yetu wa kwaya. Nilikuwa nimefunga na kuomba, maneno yangu nimeyapanga kichwani vizuri kama mtu anayekwenda kukariri mbele ya mwalimu. Ndipo nikamwona mzee. Mume wangu alikuwa amemleta baba yake kutoka kwao, amemkalisha kwenye benchi, mlangoni kabisa. Na mlango wa kuingia ulikuwa huo huo mmoja. Miguu yangu iligeuka yenyewe, nikajibanza nyuma ya ukuta.

Karani akaita jina langu. Nikazidi kujibana ukutani. Akaita tena. Mama Neema akanishika mkono, "Dada, wewe si unaitwa? Ukibaki hapa watasema hukufika, na nyumba imekwenda."

"Mkwe yuko mlangoni," nikamwambia.

"Basi pita, na mkwe wako akiwa hapo hapo mlangoni."

Nikaomba pale pale, macho wazi. Nikasema, Bwana, mimi yule mzee siwezi kumpita, nipitishe wewe. Nikajifunika kanga kichwani, nikainama, nikapita mbele ya magoti yake. Ndugu zangu, sikuanguka! Nilishangaa nimeshafika mbele ya hakimu.

Ndani kulikuwa na hakimu na wazee wawili wa baraza. Nilisema yangu, matofali, kuni, shamba. Kisha mume wangu akasimama. Akasema ile nyumba si yake wala si yangu. Eti ni ya baba yake, aliijenga mzee, sisi tulikuwa tunakaa tu. Kwa hiyo hakuna cha kugawana. Akamwita mzee awe shahidi, na mzee akasimama akasema kwa sauti ndogo, "Nyumba ni yangu."

Mume wangu akaniangalia akatabasamu. Nikaelewa hesabu yake yote. Alijua mwanamke wa kwetu hatamuuliza mkwe wake swali. Alijua hata jina lake sitalitaja.

Hakimu akanigeukia. "Mama, una swali kwa shahidi?"

Nikaangalia chini.

"Kama huna, niandike huna."

Kalamu yake ikainama kwenye karatasi. Ndugu zangu, sijui niwaelezeje. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilimwona tu mwanangu mdogo amelala kwenye mkeka, chini ya bati lile, na nikahisi amani inanishukia ambayo si ya kwangu, na hofu ikatoka. Kweli ilitoka. Nikainua uso, nikamtazama mkwe wangu kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Masanja," nikasema.

Mzee mmoja wa baraza, naye Msukuma, akavua miwani.

"Masanja, siku ya kwanza ulipokuja Mpanda, ulilala wapi?"

Mume wangu akaruka, "Mheshimiwa, anamvunjia baba heshima!" Hakimu akamwambia akae.

Yule mzee akanitazama usoni. Kisha akasema, "Tangu umeolewa hujanitaja. Mtu akiitwa namna hii na mkwe wake, lazima ajibu." Akamgeukia hakimu. "Nililala kwenye nyumba hiyo hiyo. Niliikuta imeezekwa. Huyu mayu, mama huyu, ndiye aliyenipikia. Mwanangu aliniambia niseme ni yangu, ili isiende kwa watu wengine. Mimi sijaweka hata tofali moja."

Haleluya! Tabasamu likamtoka mume wangu, akabaki anaangalia viatu vyake. Hukumu ilisomwa baadaye: nyumba nikapewa mimi na watoto, shamba likagawanywa katikati, na yeye akabaki na mtaji wake wa dagaa. Kaka yangu alikuja kunipongeza. Nilimpikia, nikamcheka, akala.

Msidhani nimemdharau mkwe wangu. Baada ya siku ile nilimfuata, nikapiga magoti nikamsalimia, na akaitika. Jina lake sijalirudia mpaka leo hapa mbele yenu. Heshima yangu kwake iko pale pale. Ila nimejifunza kwamba Mungu hakunipa heshima ili watu waitumie kuwanyang'anya wanangu nyumba.

Namshukuru Bwana aliyenipitisha mlangoni. Namshukuru Mama Neema. Na wewe dada uliyekaa hapa, unayeambiwa ufungashe vitu vyako, unayengoja kaka aje akusemee, mwamini Mungu huyu. Baada ya ibada nitafute. Nitakusindikiza mahakamani mpaka mlangoni, hata kama amekaa nani kwenye benchi. Mimi nitabaki nje naomba. Ndani utasema mwenyewe, dada, na utasikika.